Maswali ya Wasomaji: Moyo Unapokwenda Mbio, Dawa Ipi Hufanya Kazi Gani?

Barua zilizotufikia kuhusu dawa za moyo unaokwenda mbio zimezidi nafasi ya ukurasa huu, kwa hivyo tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Karibu kila mwandishi anazungumzia "dawa ya moyo" kana kwamba ni dawa moja. Ukweli ni kwamba zipo dawa za kupunguza kasi ya mapigo, zipo za kurudisha mdundo wa kawaida, na zipo za kuzuia damu isigande, na mgonjwa asiyejua chake kinafanya kazi gani kati ya hizo aghalabu huacha kidonge kile kile alichokihitaji zaidi. Anayejibu ni mfamasia wetu.

"Mama yangu mwenye umri wa miaka 68 aliambiwa katika kliniki ya moyo kwamba mapigo yake yanakwenda mbio na hayana mpangilio. Alipewa bisoprololi, digoksini na warfarini. Miezi kadhaa imepita, na kila nimshikapo kifundo cha mkono naona mapigo bado yanaruka-ruka, ingawa mwenyewe anasema hatweti tena kama zamani. Je, dawa zimeshindwa? Na kwa nini ugonjwa mmoja utibiwe kwa dawa tatu?" Binti, Mji wa Kale

Dada yangu, kwa maelezo yako dawa hazijashindwa. Katika ugonjwa wa aina hii vyumba vya juu vya moyo huacha kukamua damu kwa utaratibu na badala yake hutetemeka, vikitoa ishara za umeme mamia kwa mamia kila dakika. Katikati ya moyo kipo kituo kidogo ambacho hupitisha baadhi tu ya ishara hizo kwenda vyumba vya chini, mfano wa lango la feri pale Likoni ambalo haliruhusu umati wote kuingia kwa mara moja. Bisoprololi na digoksini zote mbili hufanya kazi langoni hapo: hupunguza idadi ya ishara zinazopita, lakini haziondoi ule mtetemo wa juu. Ndiyo maana mapigo ya mama yamepungua kasi na bado hayana mpangilio, na hilo lilitarajiwa tangu siku aliyoandikiwa dawa.

Wengi huuliza kasi inapaswa kushuka hadi wapi. Zamani madaktari walijitahidi kuishusha chini ya mapigo 80 kwa dakika mgonjwa anapokuwa ametulia, hata kama ilibidi kuongeza dawa juu ya dawa. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha wagonjwa hao na wengine ambao mapigo yao yaliachwa mradi yasifike 110, na kundi la pili halikupata madhara zaidi. Kwa hiyo ukiona daktari ameridhika na mapigo 90 ilhali mama yuko vizuri, usidhani amezembea.

Sababu ya kupewa dawa mbili za kupunguza kasi ni kwamba kila moja ina njia yake. Bisoprololi huuzuia moyo usiitikie adrenalini, na kwa hivyo hufaa hasa mtu anapojishughulisha. Mama akipanda zile ngazi zenu ndefu, ndiyo inayomshikia breki. Digoksini hupitia kwenye neva inayoutuliza moyo, na nguvu yake huonekana zaidi mtu anapopumzika. Ni dawa kongwe, asili yake ni mmea wa Ulaya ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, na kasoro aliyoiona wakati ule haijaondoka: kipimo kinachotibu kiko karibu mno na kipimo kinachodhuru. Mama akianza kukosa hamu ya chakula, kusikia kichefuchefu, kuona vitu vina rangi ya manjano, au mapigo yakiwa chini ya 50, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Hatari huongezeka figo zinapodhoofika, na vilevile potasiamu inapopungua mwilini, jambo linaloletwa mara nyingi na vidonge vya kukojoza maji kama furosemidi. Nimeulizwa mara nyingi kama madafu yatatosha kuirudisha. Ni kweli madafu yana potasiamu nyingi, lakini mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalaprili au spironolaktoni, anaweza kujikuta ameizidisha, na potasiamu iliyozidi nayo husimamisha moyo. Kinachotakiwa hapo ni kipimo cha damu, kisha ndipo tuzungumze habari ya madafu.

Imebaki warfarini, ambayo haipunguzi kasi wala hairudishi mdundo. Kazi yake ni moja: damu inayotuama katika vyumba vinavyotetemeka isigande, maana bonge likichomoka na kwenda kwenye ubongo huleta kiharusi, na mtu mwenye mtetemo wa namna hii yumo katika hatari ya kiharusi takribani mara tano kuliko asiye nao. Kwa kuwa mgonjwa hahisi lolote anapoimeza, ndiyo huachwa kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ingepaswa kuachwa mwisho. Kipimo chake cha damu, kiitwacho INR, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki havikatazwi, ila aendelee kula kiasi kile kile alichozoea, asikae wiki mbili bila mboga kisha akazila kila siku. Asinunue diklofenaki au aspirini kwa maumivu ya magoti bila kuuliza, kwa sababu humwongezea hatari ya kuvuja damu.

Umegusia pia kwamba jamaa yenu aliye ng'ambo amewashauri mdai dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR. Dawa hizo, kama apiksabani na rivaroksabani, ni nzuri kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo, kwetu watu wengi waliopata mtetemo huu wana vali ya moyo iliyobanwa na makovu ya homa ya baridi yabisi waliyougua utotoni, na kwa hao mambo ni tofauti: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliona kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Muulizeni daktari hali ya vali za mama kabla ya kudai mabadiliko.

"Mimi ni dereva wa tuktuk, nina miaka 29. Mara mbili mwaka huu moyo umeanza ghafla kwenda kasi isiyohesabika, bila sababu. Mara ya pili nilipelekwa hospitalini, nikadungwa sindano ya mshipa, na kwa muda mfupi nilihisi roho inatoka. Kisha moyo ukatulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Ilikuwa dawa gani ile, na kwa nini niliruhusiwa kwenda nyumbani bila vidonge?" Kijana, Changamwe

Ndugu yangu, kwa jinsi ulivyoeleza nakisia kwamba ilikuwa adenosini. Moyo uanzao ghafla na kukoma ghafla, kwa kasi ya mapigo 150 hadi 220 yenye mpangilio, kwa kawaida una njia ya ziada ya umeme ambamo ishara huzunguka bila kutoka. Adenosini hukifunga kile kituo cha katikati kwa sekunde chache, mzunguko ukakatika, na moyo ukaanza upya kwa mdundo wake wa asili. Hutolewa haraka sana, miligramu 6 kwanza na 12 ikihitajika, ikisukumwa na maji ya chumvi, kwa sababu nusu yake huisha katika damu kwa muda usiofika sekunde 10. Kifua kubana, uso kuwaka na ile hofu ya kufa ni mambo yanayojulikana, na hupita yenyewe. Laiti wahudumu wangemwambia mgonjwa kabla ya kumdunga, watu wengi wasingeiogopa kiasi hiki. Ukipatwa tena, waambie kama umetoka kunywa kahawa chungu, kwa kuwa kafeini hupunguza nguvu ya sindano hiyo.

Kutopewa vidonge si uzembe. Mtu anayepatwa mara mbili kwa mwaka angemeza dawa kila siku, pamoja na uchovu na kizunguzungu zinazoweza kuleta, ili kuzuia tukio la nusu saa. Jambo la kwanza unaloweza kujifunza ni namna ya kuukatiza mzunguko mwenyewe. Keti ukiwa umeegemea nyuma kidogo, puliza kwa nguvu katika bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kana kwamba unataka kukisukuma kile kijiti chake, kwa sekunde 15. Mara ukimaliza, ulazwe chali na mtu akuinulie miguu kwa sekunde 15 nyingine. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, njia hii ilirudisha mdundo wa kawaida kwa wagonjwa 43 katika kila 100, ilhali kupuliza bila kulala na kuinua miguu kulifaulu kwa 17 tu. Omba uoneshwe na mhudumu wa afya kwanza. Kukanda shingo, ambayo ni njia nyingine ya kuukatiza mzunguko, usijaribu nyumbani, na wazee wasijaribiwe kabisa bila daktari, kwani mshipa wenye utando unaweza kupeleka kipande cha uchafu ubongoni.

Mashambulizi yakizidi, dawa za kuzuia zipo: vizuizi vya beta, yaani jamii ya bisoprololi inayouzuia moyo usiitikie adrenalini, au verapamili na diltiazemu. Lakini kabla ya yote uwe na karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, iliyochukuliwa ukiwa umetulia, maana wapo watu wenye njia ya ziada ya aina ambayo, mtetemo wa vyumba vya juu ukiwapata, verapamili na digoksini huweza kuufanya moyo uende kasi ya kuua. Karatasi hiyo uitunze pamoja na ile iliyochukuliwa wakati wa shambulio. Katika matibabu ya moyo kwenda mbio hakuna hati yenye thamani kuliko hizo mbili.

Ipo pia flekainidi, ambayo huurudisha mdundo na hufanya kazi vizuri kwa vijana wenye moyo mzima. Imewekewa mipaka kwa sababu ya tukio la mwaka 1989, pale utafiti wa Marekani ulipogundua kwamba wagonjwa waliokwisha kupata shambulio la moyo, wakapewa flekainidi au dawa ya jamii yake ili kuyaondoa mapigo ya ziada, walifariki wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mapigo ya ziada yaliondoka kweli; wagonjwa wakaondoka nayo. Tangu hapo daktari makini hatibu karatasi ya ECG pasipo kumtazama mwenye moyo. Na kama unataka kumalizana na tatizo hili, wataalamu huweza kupitisha waya kwenye mshipa wa paja na kuichoma ile njia ya ziada, tiba ambayo huwaponya wengi mno wa aina yako, ingawa gharama yake ni kubwa na haifanyiki kila hospitali.

Hukutaja muguka, nami sikusingizii. Lakini kwa kuwa madereva wengi huutafuna ili wakeshe, nitasema kwamba una kichocheo cha jamii ya amfetamini kinachopandisha mapigo na presha, na hakuna kidonge nitakachokupa kitakachoshindana nacho kila usiku. Moyo ukianza mbio ukiwa barabarani, egesha chombo kwanza. Ukizimia, kifua kikiuma, au pumzi zikikatika, hapo si pa kupuliza bomba; ni pa kukimbizwa hospitalini.

"Nina pumu. Jirani amenipa propranololi zake kwa sababu moyo wangu hudunda sana usiku. Nizitumie?" Mama wa nyumbani, Kisauni

Hapana, mama. Propranololi hubana njia za hewa, na kwa mwenye pumu kidonge kimoja kinaweza kuleta shambulio lisiloitikia hata dawa ya kuvuta. Mrudishie jirani. Kisha uchunguzwe sababu ya mdundo huo, kwani dawa ya kuvuta ya salbutamoli yenyewe hupandisha mapigo, na damu kupungua au tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi hufanya vivyo hivyo. Ikionekana unahitaji dawa ya kupunguza kasi, verapamili au diltiazemu haibani kifua.

"Natumia kavedilolo asubuhi na jioni, na furosemidi. Nataka kufunga Ramadhani. Nipange vipi dawa zangu?" Mzee, Majengo

Mzee wangu, dawa ya mara mbili kwa siku huweza kugawanywa kati ya futari na daku. Sisi wa Mombasa tuna nafuu ambayo ndugu zetu wa Ulaya hawana: usiku wetu hauna tofauti kubwa mwaka mzima, na kutoka magharibi hadi alfajiri ni saa 10 hivi, muda unaotosha kuzitenganisha dozi mbili. Anayetumia verapamili au propranololi ya mara tatu ndiye mwenye shida, naye amwombe daktari aina inayoyeyuka polepole.

Furosemidi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukiimeza wakati wa daku utakojoa maji asubuhi kisha ukae na kiu katika joto la hapa hadi magharibi, ukaukiwe, presha ishuke na potasiamu ipungue, na potasiamu ikipungua mapigo huharibika. Wengi huhamishiwa wakati wa futari, lakini dozi apange anayekutibu, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa una kisukari pia, jua kwamba vizuizi vya beta kama kavedilolo huficha kule kudunda kwa moyo na kutetemeka kunakoashiria sukari imeshuka. Jasho ndilo husalia. Ukitokwa jasho jingi alasiri bila sababu, pima sukari, na ikiwa imeshuka, fungua. Kama dozi yako imebadilishwa karibuni, au umezimia miezi hii, sikushauri kufunga, na mgonjwa amepewa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

"Mume wangu alitibiwa India miaka mitatu iliyopita, akarudi na amiodaroni ya miligramu 200 kila siku. Tunanunua duka la dawa bila kurudi kwa daktari. Sasa uso umekuwa wa kijivu, amekonda, na ana kikohozi kikavu. Moyo lakini umetulia." Mke, Tononoka

Mama, barua yako ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote, na jibu lake lisingojee toleo lijalo: mpeleke mumeo kwa daktari wiki hii. Amiodaroni pengine ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote za kuudumisha mdundo, na hutumika hata kwa moyo uliodhoofika ambao flekainidi haiwezi kupewa. Lakini zaidi ya theluthi ya uzito wake ni madini ya joto. Kila kidonge cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75, ambazo ni mamia ya mara ya mahitaji ya mwili kwa siku. Kwa hiyo tezi ya shingo huvurugika, ama ikalala, mgonjwa akanenepa na kuchoka, ama ikawaka, akakonda na mapigo kuanza mbio upya. Kukonda kwa mumeo kunaweza kuwa huko.

Kikohozi ni jambo zito zaidi. Dawa hii huweza kuyachoma mapafu polepole, na mwanzo wake ni kikohozi kikavu na kutweta, ambavyo kwetu hutibiwa kama mafua au hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Anahitaji picha ya kifua, kipimo cha tezi, cha ini, na macho pia. Ule ukijivu wa uso hutokana na dawa kujikusanya katika ngozi inayopigwa na jua. Avae kofia pana na mikono mirefu. Vipimo vya tezi na ini vilipaswa kufanywa kila baada ya miezi 6, na sioni udhuru wa duka lolote kuiuza dawa hii miaka mitatu bila kuuliza hata mara moja.

Msiiache wenyewe kwa ghafla, ingawa hata ikiachwa haitoki upesi: hujihifadhi katika mafuta ya mwili na huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kuisha. Maana yake ni kwamba migongano yake na dawa nyingine huendelea baada ya kidonge cha mwisho. Kama anatumia warfarini, huiongezea nguvu sana. Digoksini kwa kawaida hupunguzwa nusu. Na tunda la balungi aliepuke.

"Shangazi anatumia sotaloli. Alipopimwa akakutwa na malaria, muuzaji alisita kumpa dawa ya artemetha na lumefantrini. Alikuwa na haki?" Msomaji, Likoni

Kusita kwake kulikuwa na sababu, lakini kumrudisha mgonjwa mikono mitupu kungekuwa kosa. Baada ya kila pigo, vyumba vya chini huchukua muda kujijaza umeme upya. Sotaloli hurefusha muda huo ili kuzuia mdundo mbaya, na lumefantrini nayo huweza kuurefusha. Vikikutana, hasa potasiamu ikiwa imepungua kwa kutapika, unaweza kuzuka mdundo wa hatari unaomzimisha mtu. Kwinini ina tabia hiyo hiyo, na pia dawa za bakteria eritromaisini na azithromaisini, na ya fangasi flukonazoli, ambazo watu hununua bila hata kutaja kwamba ni wagonjwa wa moyo. Malaria lazima itibiwe, ila itibiwe hospitalini, baada ya ECG na kipimo cha potasiamu, na daktari achague.

Kwinini yenyewe ina historia katika habari hii. Daktari Mholanzi Karel Wenckebach alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1914 kisa cha mfanyabiashara aliyezoea kumeza kwinini katika nchi za malaria na aliyegundua kwamba ilimtuliza moyo uliokuwa ukiruka-ruka. Daktari alikuwa hakuamini mpaka alipooneshwa. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani akaonesha kwamba kwinidini, ndugu yake kwinini, ina nguvu zaidi, nayo ikatumika kwa miongo mingi.

"Niliishiwa na pesa nikakatiza atenololi siku nne. Sasa moyo unakwenda mbio kuliko kabla sijaanza dawa." Msomaji, Bamburi

Moyo uliozuiwa adrenalini kwa muda mrefu huongeza usikivu wake, na kizuizi kikiondolewa ghafla huitikia kupita kiasi. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, hata shambulio la moyo huweza kutokea. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, chini ya uangalizi. Kwa kuwa siku nne zimeshapita, usirudie dozi yako nzima bila kuzungumza na kliniki, na usiongeze maradufu kufidia. Waeleze wazi kwamba tatizo ni bei, kwani kuna aina za bei nafuu. Majina ya jamii hii kwenye pakiti huishia kwa herufi "lol", kwa hiyo ukipewa kidonge kipya chenye mwisho huo ukiwa bado unacho cha zamani, uliza kwanza kama hujapewa dawa mbili za kazi moja. Asubuhi kabla ya kwenda, keti dakika tano, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, uandike idadi na saa, na uende na karatasi hiyo pamoja na pakiti zote.